Jinsi ya kuukamata ubongo wako ukikupiga changa la macho, kwa daftari na kalamu tu

Kama unaamini macho yako yanakuonyesha kila kilichopo mbele yako, tafuta daftari la mistari, lile lile la shule, tuone.

Upande wa kushoto wa ukurasa chora msalaba mdogo, afu kwenye mstari uleule sogea kulia kama sentimita 8 uchore doa, likoleze wino vizuri lifikie ukubwa wa kifungo cha shati. Ziba jicho la kushoto kwa kiganja (kufumba jicho moja wengine hawawezi na wanakunja uso mzima bure), jicho la kulia likodolee msalaba, shika daftari mbali kadiri mkono unavyofika afu livute taratibu kuja usoni. Ukikaribia sentimita 30 hivi doa linapotea. Wengi wanaferi hapa kwa sababu ya kiherehere, wanachungulia kuona kama doa limeshaondoka, na ukichungulia tu linarudi, kwahiyo jicho lisibanduke kwenye msalaba na daftari lisiende upande. Ukitaka kujaribu jicho la kushoto pindua daftari juu chini, doa likae kushoto.

Mfaransa mmoja anaitwa Edme Mariotte ndo aligundua hii kitu miaka ya 1660. Nyuma ya jicho kuna retina inayopokea mwanga, sasa neva zake (nyuzi zinazobeba taarifa) zimepita kwa mbele, zinajikusanya na kutoboa retina sehemu moja ili zitoke kwenda kwenye ubongo, na pale zinapotokea hakuna seli hata moja ya kupokea mwanga. Pweza huyuhuyu wa supu hana shida hiyo, neva zake zimepita kwa nyuma.

Ila kutokuona doa mi sio kinachonishangaza. Rudia, safari hii angalia pale doa lilipokuwa (kwa pembeni bado!) uone kuna nini. Hakuna shimo wala giza, kuna mistari ya daftari imenyooka imepita palepale, wakati jicho halijaleta taarifa yoyote kutoka hapo. Chora doa lingine kwenye bahasha ya kaki, utaona kaki. Yani ubongo umeangalia majirani wa pale ukajazia wenyewe na wala haujakuambia kama umejazia.

Ukimaliza nenda kwenye kioo, jiangalie jicho la kushoto, hamia la kulia, rudi, rudi tena. Macho yanahama kweli, mtu aliyesimama pembeni anayaona, ila wewe hutayaona yakitembea hata ukeshe hapo, maana jicho linaporuka ubongo unapunguza taarifa za kuona ili dunia isionekane inayumba. Afu fungua kamera ya mbele ya simu ufanye vilevile, na hapo utayaona, kwasababu picha ya simu inachelewa kidogo, jicho linakuwa limeshatua ndo picha inafika.

Sasa hiyo ni ubongo kuonyesha ambacho haujapokea, au kuficha ulichopokea. Kuna kali zaidi ya hapo. Miaka ya 1970 Uingereza kulikuwa na mgonjwa anayejulikana kwa herufi D.B. tu, alifanyiwa operesheni ya mishipa ya damu iliyojisokota kisogoni, kwenye sehemu ya ubongo inayoshughulika na kuona, akabaki haoni chochote upande wake wa kushoto. Mwanasaikolojia Lawrence Weiskrantz na wenzake wakawa wanamwekea taa upande huo wanamwambia wee nyoosha tu kidole, bahatisha, na jamaa anapatia mno kuliko mtu anayebahatisha. Alivyoambiwa amepatia akashangaa, alikuwa ana uhakika hajaona kitu. Taarifa ilifika kwenye ubongo kwa njia nyingine ikauongoza mkono, mwenyewe hana habari, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama watu wa aina yake hawaoni kabisa au wanaona hafifu sana mpaka hawathubutu kuita kuona.