Jinsi ya kuchagua programu ya kuchorea ramani za majengo

Hatua ya 1: Waulize watakaopokea faili zako. Picha za 3D zisikutoe macho kwanza. Mhandisi wa miundo na wa umeme wanafanyia kazi faili za aina gani? Mara nyingi jibu ni DWG, faili za AutoCAD, programu iliyotoka mwaka 1982. LibreCAD ni ya bure na nyepesi, ila huhifadhi kwa DXF, aina nyingine ya faili za michoro, si DWG. Wakitaka modeli nzima, yaani jengo lote la 3D lenye kuta na madirisha yake, hakikisha programu inatoa IFC, faili ya kubadilishana modeli kati ya programu tofauti.

Hatua ya 2: Mistari au modeli? Kwenye Revit na Archicad, ukisogeza dirisha katika ramani ya sakafu, linasogea lenyewe kwenye mkato (mchoro wa jengo kama limekatwa) na sura ya mbele, na jedwali la madirisha linajirekebisha. Kwa ghorofa, raha tupu. Kwa kukarabati vyumba viwili, programu ya kuchora mistari kama AutoCAD au BricsCAD inatosha kabisa. SketchUp mimi naiweka kwa kumwonyesha mteja wazo, basi.

Hatua ya 3: Kompyuta yako. Revit ni ya Windows tu. Archicad ipo pia kwa Mac.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa ramani yako mwenyewe. Achana na mifano inayokuja na programu. Hiyo imepambwa ipendeze. Fungua ramani ya kazi halisi, yenye leya (tabaka za mchoro) nyingi. Fonti zimebadilika? Unene wa mistari je? Kisha chora ukuta wa mita 5, uupange kwenye karatasi kwa skeli ya 1:100, uprinti na kupima kwa rula. Lazima upate milimita 50. Ukipata 47, usiilaumu programu bado: huenda printa imeambiwa ibane mchoro utoshee ukurasa. Mwisho, mtumie mhandisi faili hiyo aifungue kwake na akurudishie. Hapa ndipo programu nyingi za bei nafuu huumbuka.

Hatua ya 5: Soma leseni. Autodesk, wenye AutoCAD na Revit, waliacha kuuza leseni za kudumu mwaka 2016. Sasa unalipia kwa kipindi. Leseni ya mwanafunzi hairuhusu kazi ya malipo. Tena, faili ya Revit iliyohifadhiwa kwenye toleo jipya haifunguki kwenye la zamani, kwa hiyo kubalianeni toleo kabla ya mstari wa kwanza. Na kila unapokabidhi kazi, baki na nakala ya PDF na ya DWG au IFC, usije ukashindwa kuifungua siku malipo yakikatika.