Brahms na Bruckner: namna ya kulinganisha simfoni zao

Usianze na simfoni zote (simfoni ni muziki mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa). Mtunzi Johannes Brahms ana nne tu, lakini mtunzi mwenzake Anton Bruckner ana tisa zenye namba, na kadhaa kati ya hizo alizifanyia marekebisho mara mbili tatu. Mgeni hupotea humo. Chukua mbili: Namba 7 ya Bruckner, iliyopigwa kwanza Leipzig tarehe 30 Desemba 1884, na Namba 4 ya Brahms, iliyopigwa kwanza Meiningen tarehe 25 Oktoba 1885. Zimepishana miezi kumi, na zote zimejengwa juu ya noti ya E: ya Bruckner ni E meja, ya Brahms E maina.

Tafuta rekodi za kondakta mmoja na okestra moja, kwa mfano Herbert von Karajan na Berliner Philharmoniker. Usipofanya hivyo utajikuta unalinganisha makondakta. Brahms atakuchukua kama dakika 40, Bruckner kama 65, kwa hiyo zigawe siku mbili. Spika ya simu haifai, kwa sababu inameza besi. Pima sauti kwa kusikiliza kwanza mwisho wa sehemu ya kwanza ya Bruckner, kisha rudi mwanzo. Violini zinaanza kwa kutetema taratibu sana, na anayeongeza sauti hapo huja kuruka kitini tarumbeta zikiingia.

Sasa sikiliza sehemu ya kwanza ya kila moja, ukiwa na karatasi. Kwa Brahms, fuata noti mbili mbili za violini: inashuka, inapanda, inashuka, inapanda. Weka alama kila unapoisikia hatua hiyo, hata ikiwa imejificha kwenye sello au filimbi. Karatasi itajaa, maana karibu kila kitu kimetoka kwenye mbegu hiyo. Kuna mtego mmoja: baada ya dakika nne hivi wimbo wa mwanzo unarudi kama ulivyokuwa, na wengi huandika "marudio". Si marudio. Katika simfoni zake nyingine tatu Brahms aliagiza nusu ya mwanzo ya sehemu ya kwanza irudiwe. Hapa hakuagiza, na tayari ameanza kuuvunjavunja wimbo.

Kwa Bruckner kuhesabu mbegu hakukusaidii. Andika dakika ambapo muziki unabadilika ghafla au unanyamaza. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, kwenye monasteri ya St. Florian na kisha mjini Linz, Austria, na anahamisha okestra kundi kwa kundi kama mtu anayebadilisha sauti za kinanda. Utapata nyimbo kuu tatu, si mbili. Sikiliza pia timpani, zile ngoma kubwa za okestra: zinakaa kimya karibu sehemu nzima, zikaingia mwishoni kabisa kwa mngurumo mrefu wa E. Anayempima Bruckner kwa rula ya Brahms, kama alivyofanya mhakiki Eduard Hanslick, atamwona mzembe tu.

Sehemu ya pili ya Bruckner ina tuba nne za Wagner (ala za shaba za kupuliza), maombolezo ya kifo cha mtunzi Richard Wagner aliyefariki Februari 1883. Kwenye kilele, angalia kama unasikia toazi. Usiposikia, rekodi yako si mbovu: toleo la noti lililohaririwa na Haas limeliondoa, la mhariri Nowak limelibakiza.

Sehemu ya tatu zipitie haraka; sikia tu pembetatu ya chuma kwa Brahms.

Ya mwisho ya Brahms ndiyo ngumu, na wanakwaya wana nafasi nzuri hapa. Imba: la, ti, do, re, re iliyopandishwa nusu, mi, mi, la. Noti nane, kila moja mizani (baa) moja, zinazungushwa mara thelathini zaidi kwa sura tofauti, kisha inakuja tamati. Tromboni, ambazo zimekaa bure sehemu tatu nzima, ndizo zinazokupa msaada mwanzoni. Ukipotea, subiri filimbi inayoimba peke yake: hiyo ni sura ya 12, anza kuhesabu upya hapo.