Pima mwenyewe kama wiski imebadilika baada ya kufunguliwa

Nikiwa kaunta naulizwa sana: chupa ikishafunguliwa, wiski inaharibika? Haichachi kama tembo la mnazi. Kilevi cha asilimia 40 hakiachi vijidudu viishi. Ila ladha inabadilika polepole, na kinachoibadilisha zaidi ni hewa iliyomo chupani, si tarehe uliyoifungua. Chupa iliyopungua toti mbili inaweza kukaa mwaka usione tofauti. Iliyobaki robo ni habari nyingine.

Tafuta chupa mpya, chupa mbili ndogo za kioo za mililita 100 zenye vifuniko vya kuzungusha, glasi tatu zinazofanana, na mtu wa kukusaidia. Mimi ningetumia wiski yenye harufu ya moshi, mfano Laphroaig ya kisiwa cha Islay, Scotland, kwa sababu moshi ukififia pua inajua mapema.

1. Osha chupa ndogo kwa maji moto na uziache zikauke kabisa. Harufu ya sabuni ikibaki, jaribio limekufa. Siku hiyo hiyo unayofungua chupa kubwa, zijaze wiski hiyo hadi shingoni ili isikae na hewa, ukiacha nafasi kidogo tu, maana wiski hutanuka joto likipanda. Funga, andika tarehe.

2. Ziweke zote kabatini, gizani, zikiwa wima. Ukiilaza, kilevi kinakula kizibo. Kwa joto la Dar au Mombasa, epuka rafu ya juu karibu na bati, na usiweke juu ya friji.

3. Chupa kubwa inywe kama kawaida hadi ibaki theluthi, kisha iache miezi mitatu au minne.

4. Hapa usiharakishe. Geuka ukutani. Msaidizi amimine mililita 15 katika kila glasi: mbili kutoka chupa kubwa na ya tatu kutoka chupa ndogo, au kinyume chake, na yeye peke yake ajue ipi ni ipi. Ziache dakika kumi. Nusa ukiwa umeachama kidogo ili kilevi kisikuchome pua, onja, halafu ongeza matone machache ya maji ya chupa (ya bomba yenye klorini yatakuvuruga) na unuse tena. Sasa sema ipi iko peke yake. Usiulize ipi tamu zaidi. Swali hilo linamfanya mtu ajitungie jibu.

Kwa kubahatisha tu utapatia mara moja kati ya tatu, kwa hiyo rudia siku nyingine kwa mpangilio tofauti. Chupa ndogo ya pili usiiguse mpaka ya kwanza iishe, kwa kuwa nayo ikipungua inaingiza hewa.

Iliyokaa na hewa mara nyingi huwa na moshi uliolegea, harufu za limau na pea zimefifia, na harufu ya vanila, inayotoka kwenye pipa la mbao ilimokomazwa wiski, imejitokeza. Si lazima iwe mbaya. Wiski kali za asilimia 55 na kuendelea mimi nazipenda zaidi wiki chache baada ya kufunguliwa.

5. Ukiona tofauti na huipendi, hamishia kilichobaki kwenye chupa ndogo kinayoweza kuijaza. Dekanta, ile chupa ya mapambo ya kumiminia pombe, inapendeza mezani lakini kifuniko chake hakibani vizuri, na zile kuukuu za kristali huwa na madini ya risasi yanayoingia kwenye pombe ikikaa humo muda mrefu.