Sabuni ya kufulia ya mawese, na siki ya kulainisha nguo

Mawese, kama yale ya Kalangala nchini Uganda, hutoa mche mgumu usioisha upesi ndani ya beseni. Kwa kilo 1 ya mafuta, pima gramu 135 za kostiki soda na gramu 330 za maji. Tumia mizani, kikombe hudanganya.

Vaa glavu, fanyia nje. Mimina soda kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda, maana hufoka na kuunguza. Ndoo iwe ya plastiki nene. Sufuria ya alumini huliwa na soda.

Yeyusha mafuta. Mafuta na maji ya soda vikifika kama nyuzi 40, changanya na ukoroge mpaka mwiko uache alama kama kwenye uji mzito. Wengi hukosa subira hapa: ukimimina mapema kwenye chombo cha kugandishia, mafuta hujitenga juu. Kata kesho yake, kausha kivulini wiki 4.

Kulainisha nguo, tia nusu kikombe cha siki nyeupe kwenye maji ya mwisho ya kusuuza. Ikikutana na sabuni huacha utando wa mafuta. Ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi ya sumu.