Kufua Kipindi cha Mvua Ukiwa Nyumba ya Kupanga: Somo kwa Wapangaji wa Kigoma

Mvua za Kigoma zikishaanza Novemba, kufua si kazi. Kazi ni kukausha. Naishi ghorofani hapa Mwanga, wapangaji sita tunagawana kamba tatu za uani, na nimewahi kuacha jinzi siku nne ikanuka kama gunia la dagaa walionyeshewa. Kwa hiyo leo sabuni nitaigusia tu. Somo ni kuyatoa maji kwenye nguo mapema.

Kwanza, chambua. Usifue kapu zima kwa kuwa ni Jumamosi. Fua sare za shule, nguo za ndani na za mtoto. Mashuka na majinzi yasubiri jua, ila yasisubiri mabichi: yatundike kwanza jasho likauke, maana kuvu haichagui nguo safi wala chafu.

Pili, maji. Ukikinga ya bati, acha mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwanza, ndipo utege ndoo. Maji ya mvua yanatoa povu upesi, basi punguza sabuni. Kipande cha sabuni ya mawese ya hapahapa kinatosha.

Tatu ni kukamua, na hapa ndipo wengi tunajidanganya. Kamua kwa mkono, kisha tundika bafuni robo saa. Maji yote yatashukia kwenye pindo. Kamua pindo peke yake. Halafu tandaza taulo kavu, laza shati juu, viringisha kama mkeka, panda ukanyage. Mwanangu hagombani nami kwa kazi hii. Shati linatoka limebakiza unyevu tu. Vitenge vipya usivifanyie hivyo. Mimi taulo langu jeupe lilishageuka la bluu.

Nne, anika ndani. Nguo moja hanga moja, na kati yake kiganja kipite. Upepo unakausha hata bila joto: fungua madirisha mawili yanayotazamana, na kama umeme upo, elekeza feni chini kwenye mapindo. Jinzi igeuze ndani nje, mifuko ining'inie. Radi ikianza kunguruma usikimbilie kamba ya waya uani. Acha zilowe.

Mwisho pasi, hata kwa nepi na nguo za ndani. Kuna inzi anayetaga kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje kivulini, na funza wake huingia ngozini akatokea kama jipu. Joto la pasi linaua mayai, ila usiruke mishono na kiunoni.

MASWALI

Shikamoo dada. Naweza kuacha jiko la mkaa chini ya nguo usiku ili asubuhi sare iwe kavu?

Marahaba mdogo wangu. Hapana, hata kwa saa moja. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu wamelala nayo wasiamke. Washia mkaa nje, uutie kwenye pasi.

Doa la mawese kwenye shati jeupe, na jua hakuna. Nitie jiki?

Jiki iache. Toa mafuta kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto. Rangi ya chungwa itabaki, usipigane nayo. Siku jua likichomoza, anika doa likitazama juu. Rangi ya mawese hufifia juani yenyewe.

Zangu zimeshanuka, nifue upya?

Loweka nusu saa kwenye ndoo ya maji yenye nusu kikombe cha siki, kisha fua na usuuze vizuri. Siki na jiki zisikutane ndoo moja, hewa yake inachoma kifua.

Jirani anaanua nguo zangu mbichi na kuzirundika kwenye ngazi. Nifanyeje?

Hilo halina sabuni, mama. Sisi tulikaa tukapangana zamu: kamba iliyo chini ya bati ni ya mwenye mtoto mchanga siku zote, Jumapili ni ya sare, na anayeanua za mwenzake anazipeleka mlangoni kwake. Aliyebisha kwanza ndiye aliyekuwa na majinzi mengi. Ni mimi.