Kwenye mahojiano ya MBA (shahada ya uzamili ya biashara), wakikuambia "Tueleze kazi ulizofanya"

Usianzie shule ya msingi. Mimi nilianzia huko, dakika tano zikaisha sijafika bandari ya Mombasa, nilikotoa mizigo miaka sita. Chuo Kikuu cha Harvard, mahojiano hayo ni dakika 30, na anayekuhoji ameshasoma maombi yako. Usimsomee wasifu upya.

Mweleze kwa nini ulihama kazi moja kwenda nyingine. Kisha tukio moja, kwa undani. Langu: kontena la dawa lilikwama kwa herufi moja iliyokosewa kwenye hati. Nilikaa na ofisa wa forodha hadi saa mbili usiku, likatoka. Sema "nilikaa", si "tulikaa", kama ulikuwa peke yako. Hapo wengi wetu hujificha, ndivyo tulivyolelewa. Jizoeze kwa sauti, dakika mbili tu.