Kocha wa hoki akifariki, mumkumbuke hivi
Kama kocha wenu wa hoki wa shule amefariki, kwanza muulizeni mama watoto wake familia inataka nini kabla hamjaanza kuprinti matisheti, na mchango ushikwe na mtu mmoja tu. Siku ya mazishi vaeni jezi, pangeni mistari miwili muinue magongo, jeneza lipite katikati. Kule Kanada 2018, basi la timu ya hoki ya barafu ya Humboldt Broncos lilipopata ajali, watu waliacha magongo nje ya milango yao, hata nyinyi mnaweza. Kombe la kumbukumbu wekeni muhula wa kwanza, si ndio msimu wa hoki mashuleni hapa Kenya, na mshindi apewe magongo na pedi za golikipa, vikombe tumechoka navyo jamani.